Saizi Zetu Wenyewe

Tulipoanza ukurasa huu wa cherehani tuliahidi kwamba makosa yetu hatutayaficha. Basi mwezi huu tunaanza na kosa lililotugharimu fedha na, lililo baya zaidi, lililowaumiza akina mama wenzetu.

Sisi tunaoandika hapa ni mafundi watatu wa kikundi kimoja cha ushoni. Miaka michache iliyopita tulipewa kazi ya kushona sare za akina mama 36: blauzi na sketi ya vipande sita, kitenge cha aina moja, kilichonunuliwa Kariakoo kwa michango ya miezi mitano. Wakati huo ndiyo kwanza tulikuwa tumejifunza kuchora paterni kwa kompyuta, nasi tulikuwa na kiburi cha kitu kipya. Tulipata jedwali la saizi kutoka ng'ambo, tukaliingiza kama lilivyo, tukamwuliza kila mama, "Unavaa saizi gani?" Alichotaja ndicho tulichokata. Kazi iliyozoea kutuchukua wiki tatu tuliimaliza kwa siku tisa, tukapongezana.

Siku ya kujaribu, sketi 14 zilikataa. Zilikuwa zinapanda vizuri hadi mapajani, kisha zinagoma kwenye hipsi. Tukimpa mama saizi kubwa zaidi, hipsi zinapita lakini kiunoni inapwaya kiasi cha kuingiza ngumi mbili. Pembeni hatukuwa tumeacha nafasi ya kufumulia, maana tuliamini kompyuta haikosei. Tukarudi dukani, kitenge kile kimekwisha. Tukatia vipande pembeni kutoka kitambaa kingine kilichofanana kwa mbali. Siku ya sherehe, mama mmoja wa makamo alisimama mstari wa nyuma kabisa akiwa amejifunga kanga juu ya sare yake mpya. Tulipomwendea kumwomba radhi alijibu kwa upole, "Msijali wanangu, ni mwili wangu huu, haukuumbwa kwa sketi." Neno hilo lilituchoma kuliko kama angetugombeza. Mwili wake haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika jedwali, na waliolichagua jedwali ni sisi.

Tangu siku ile tumejifunza kupanga jedwali letu wenyewe, na wasomaji kadhaa wenye vikundi vya kushona sare wametuomba tueleze. Tutaeleza tulivyofanya, na mahali tulipojikwaa.

Kwanza tuelewane jedwali la saizi ni kitu gani. Ni orodha ya vipimo vya mwanamke ambaye hayupo. Mtu fulani, mahali fulani, aliwapima watu fulani, akatafuta wastani wao, akaupa namba. Ukiandika namba hiyo katika programu, paterni inachorwa kwa ajili ya huyo mwanamke asiyekuwepo. Kama watu waliopimwa wanafanana na wateja wako, una bahati. Kama hawafanani, utashona vizuri sana nguo ya mtu mwingine.

Na historia ya majedwali haya inafaa tuijue. Mwaka 1939 na 1940 huko Marekani, idara ya serikali ya mambo ya nyumbani iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59 pamoja na uzito. Kazi hiyo iliongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton, ikachapishwa mwaka 1941. Ilikuwa kazi kubwa na ya uangalifu, lakini katika hesabu za mwisho waliingizwa wanawake weupe tu. Wengine nao walipimwa, ila vipimo vyao viliwekwa kando. Juu ya msingi huo ndipo Marekani ilipotoa kiwango chake cha saizi za wanawake mwaka 1958, na kiwango hicho kiliondolewa mwaka 1983. Mama yule aliyejifunga kanga hakuwa wa kwanza kulaumu mwili wake kwa sababu ya hesabu ambayo yeye hakuhesabiwa.

Sasa tuingie kazini. Kabla ya kugusa kompyuta, chukua daftari na futi ya kupimia.

Tuliwaomba akina mama waje kupimwa upya, na hapa ndipo tulipokosea kwa mara ya pili. Tuliwapima ukumbini, mmoja akipima na mwingine akiandika, na yule anayepima akawa anataja namba kwa sauti. Ilipotajwa namba ya hipsi ya dada mmoja, wawili watatu walicheka. Hawakuwa na nia mbaya, lakini dada yule alichukua mkoba wake akaondoka, na kwa miezi kadhaa hakuonekana kwenye kikundi. Tangu hapo tunapima katika chumba chenye mlango. Anayepima haiti namba, anamwonyesha mwandishi futi kwa kidole. Na daftarini hatuandiki majina. Kila mama anapewa namba yake kwenye kikaratasi, na orodha ya majina inakaa kwa mweka hazina peke yake. Kwa ajili ya jedwali hatuhitaji kujua nani ni nani.

Futi za madukani nyingi zina inchi upande mmoja na sentimeta upande wa pili. Wengi wetu tumelelewa katika inchi, na hatuoni ubaya wake, lakini chagua upande mmoja usiuache. Sisi tulichagua sentimeta, kisha mwenzetu mmoja kwa mazoea akaandika kifua 38. Kompyuta haikushangaa. Ilituchorea blauzi ambayo ingemtosha mtoto mchanga. Hilo lilionekana mara moja tukacheka, lakini kosa la mkono au la shingo lisingeonekana upesi hivyo. Inchi moja ni sentimeta 2.54, na inchi 38 ni sentimeta 96 na nusu.

Jambo jingine ni vidole. Mafundi wengi tulifundishwa kuingiza vidole viwili chini ya futi tunapopima kifua, ili nguo isibane. Ni desturi nzuri kwa anayekata moja kwa moja kwenye kitambaa. Kwa jedwali ni sumu. Mmoja wetu alikuwa anaingiza vidole viwili, mwingine kimoja, mwingine hakuingiza kabisa, kwa hiyo daftari letu la kwanza lilikuwa na vipimo vya vidole vyetu badala ya vipimo vya akina mama. Tulilazimika kurudia kuwapima wote, nao walitustahi. Jedwali lipewe mwili mtupu, yaani futi ikae juu ya nguo nyepesi ya ndani bila kubana wala kulegea. Nafasi ya kupumulia ina mahali pake mbele ya safari.

Kiuno pia kilitusumbua. Mwulize mama kiuno chake kiko wapi, atakuonyesha pale anapofungia kanga, na hapo hapafanani kwa wote. Funga lastiki nyembamba katikati ya mwili, mwambie ainame kushoto na kulia mara kadhaa. Lastiki itakwenda yenyewe kwenye kiuno. Hipsi ipime pale palipojaa zaidi, hata kama ni chini kuliko ulivyozoea, na mama asimame miguu ikiwa pamoja.

Kwa sare ya blauzi na sketi sisi tulichukua vipimo 16. Usichukue 59 kama wale Wamarekani, utachoka na mama atachoka. Ila usisahau mzingo wa mkono wa juu. Katika majaribio yetu, blauzi nyingi zilizokataa zilikataa mkononi.

Haya, kompyuta. Programu tunayotumia ni Seamly2D, iliyotokana na ile iitwayo Valentina ambayo ilianza mwaka 2013. Zote mbili ni za bure, huzilipii, na ukishaipakua kwenye kompyuta unaweza kufanya kazi bila intaneti. Ziko nyingine za kulipia zenye uwezo mkubwa, na mwenye kiwanda atazihitaji. Kwa kikundi cha akina mama hizi zinatosha.

Ndani yake mna sehemu mbili. Moja ni ya kuchorea paterni, nyingine ni ya vipimo tu, na ndiyo tunayoizungumzia. Ukifungua faili jipya la vipimo utaulizwa: je, ni vya mtu mmoja au ni jedwali la saizi nyingi? Kwa sare chagua saizi nyingi. Utaulizwa sentimeta au milimita, kisha saizi ya msingi na urefu wa msingi. Hapa wengi hukwama, kwa hiyo twende polepole.

Saizi ya msingi ndiye yule mwanamke asiyekuwepo tuliyemtaja. Katika programu hii namba ya saizi ni nusu ya kifua kwa sentimeta: saizi 48 ni kifua cha sentimeta 96. Saizi zinapanda mbilimbili, 48, 50, 52, na urefu wa mwili unapanda kwa sentimeta sita sita, 152, 158, 164. Programu ikiachiwa yenyewe huanza na saizi 50 na urefu wa 176. Sisi mara ya kwanza tulibonyeza tu kukubali, tukapata mwanamke mrefu kuliko kaka zetu.

Msingi wako upate daftarini. Panga vipimo vya kifua kuanzia mdogo hadi mkubwa, kisha utazame walio katikati ya orodha. Usitafute wastani kwa kujumlisha na kugawa, maana katika kikundi kidogo mama mmoja mnene sana au mwembamba sana huvuta hesabu yote upande wake. Mtu wa katikati havutwi. Kwetu wa katikati aliangukia 96, na urefu wake ulikuwa karibu na 158, basi tukaandika saizi 48, urefu 158.

Kisha unaongeza vipimo kimoja kimoja kutoka orodha iliyomo ndani ya programu. Kila kipimo kina picha na namba yake: kifua ni G04, kiuno ni G07, hipsi ni G09. Itazame picha kabla ya kuandika chochote, kwani unachokiita wewe urefu wa mgongo huenda programu inauanzia mahali pengine. Kipimo kisichokuwamo unaweza kukitunga mwenyewe. Chako kitaanza na alama ya @, na jina lake lisiwe na nafasi katikati. Sisi tuna @urefu_sketi, yaani kutoka kiunoni hadi nusu ya muundi, kwa sababu akina mama walikubaliana sketi zifike hapo na hatukutaka kila mara kuanza kubishana.

Kwa kila kipimo utajaza mambo matatu. La kwanza ni kipimo cha saizi ya msingi. La pili ni ongezeko kwa kila hatua ya saizi. La tatu ni ongezeko kwa kila hatua ya urefu. Hilo la pili ndilo moyo wa kazi yote, na ndilo lililotushonea zile sketi 14.

Fundi anayeanza hudhani mtu akinenepa ananenepa sawasawa kila mahali, kama mkate unavyoumuka. Sivyo. Mifupa ya mabega hainenepi. Tuseme bega la msingi, kuanzia shingoni hadi ncha ya bega, ni sentimeta 12.5, nawe ukaandika ongezeko la sentimeta 1. Kutoka saizi 48 hadi 56 ni hatua nne, kwa hiyo bega litakuwa 16.5, na mshono wa mkono utaning'inia kwenye msuli kama shati la kuazima. Ukiandika 0.2, bega litafika 13.3, na hapo blauzi itakaa.

Ongezeko lisitungwe kichwani, litolewe kwenye daftari. Chukua akina mama waliokaribia kifua cha 96, utafute hipsi ya katikati yao. Kisha chukua waliokaribia 112, yaani saizi 56, ufanye vivyo hivyo. Kwetu wale wa kwanza walikuwa na 110, na hawa wa pili 124. Tofauti ni 14. Igawe kwa hatua nne, unapata 3.5. Hilo ndilo ongezeko la hipsi. Tulipofanya hivyo kwa kiuno tulipata 80 na 100, tofauti 20, ongezeko 5.

Itazame hesabu hiyo vizuri, mama. Kwa mama wa kifua cha 96, hipsi inazidi kiuno kwa sentimeta 30. Kwa mama wa 112, inazidi kwa 24. Mwili unapojaa, kwa wengi wetu na hasa baada ya kuzaa, kiuno hukimbia kuliko hipsi. Jedwali lile tuliloletewa lilikuwa na tofauti moja tu toka mwanzo hadi mwisho, nayo ilikuwa ndogo kuliko hata hiyo 24. Ndiyo maana sketi ilipwaya kiunoni na kugoma kwenye hipsi. Hapakuwa na uchawi.

Tukafurahi, tukadhani tumemaliza. Kisha mmoja wetu akajaribu kushuka chini, kwa ajili ya wasichana wa kikundi cha vijana ambao nao walitaka sare. Kutoka 48 hadi 40 ni hatua nne za kushuka. Kiuno kilishuka kutoka 80 hadi 60. Lakini wasichana wenye kifua cha 80 tuliowapima walikuwa na kiuno cha 64 na zaidi. Jedwali lililowafaa mama zao lilikuwa linawanyonga wao.

Sababu ni kwamba programu inatumia ongezeko lilelile kupanda na kushuka, haijui kwamba mwili hubadili mwendo njiani. Basi tulitengeneza mafaili mawili. Yote yana msingi uleule wa 48, ila lile la kushuka tuliliandikia ongezeko la kiuno la 4, na kiuno cha saizi 40 kikawa 64. Faili moja linaitwa wasichana na jingine linaitwa mama. Ni suluhisho la mafundi wa mtaani, tunakiri, lakini tangu tuanze nalo hatujatia kipande pembeni ya sketi ya mtu.

Mafaili mawili yanawezekana kwa sababu ya jambo moja zuri la programu hizi. Unapochora paterni huandiki namba, unaandika jina la kipimo. Husemi "chora mstari wa sentimeta 27 na nusu", unasema "chora mstari wa robo ya hipsi". Ukibadilisha faili la vipimo, paterni yote inajichora upya mbele ya macho yako, na siku ya kwanza tulipoiona tulipiga vigelegele. Lakini majina ya vipimo lazima yafanane katika mafaili yote, herufi kwa herufi. Ukiandika @urefu_sketi kwenye faili la mama na @sketi_urefu kwenye la wasichana, paterni itakataa kufunguka. Kwa hiyo usianze faili la pili kutoka mwanzo. Nakili la kwanza, ulipe jina jipya, ndipo ubadilishe namba.

Ongezeko la urefu halina maneno mengi. Mtu akirefuka kifua chake hakibadiliki kwa sababu hiyo, andika sifuri. Andika ongezeko kwenye urefu wa mkono, urefu wa mgongo na vipimo vya miguu, navyo uvitoe daftarini kwa njia ileile.

Sasa ile nafasi ya kupumulia. Mahali pake ni katika faili la paterni, kwenye orodha ya nyongeza zako mwenyewe, siyo katika jedwali la vipimo. Ukiichanganya na mwili, siku ukitaka kushona gauni pana kutoka jedwali hilohilo hutajua mwili umeishia wapi na nafasi imeanzia wapi. Kwa blauzi ya kitenge tunatia sentimeta 8 kuzunguka kifua na 4 kuzunguka hipsi ya sketi. Kitenge hakivutiki, na mama ataketi, atainama, atabeba mtoto mgongoni. Mama anayenyonyesha tunamwongezea 2 kifuani na kumwekea vifungo mbele badala ya zipu mgongoni. Hilo halihusu kompyuta, lakini tumeona sare nzuri zikiachwa sandukuni miaka miwili kwa sababu fundi hakufikiria mtoto atanyonyaje.

Usikate kitenge cha watu kabla ya kujaribu. Chagua saizi tatu, ya chini, ya kati na ya juu, uzichape, ukate kwa merikani au shuka kuukuu, ushone kwa mishono mirefu ya kufumuka, uwavalishe akina mama watatu wa kweli. Waketi, wainue mikono, wapande ngazi. Ya kati karibu kila mara itakaa vizuri. Itazame sana ile ya mwisho juu na ile ya mwisho chini, kwa sababu kosa dogo la ongezeko huzidishwa kwa kila hatua, na huko mwisho ndiko linakojitokeza.

Wakati wa kuchapa kwenye karatasi za kawaida na kuziunganisha kwa gundi, chora kwanza mraba wa sentimeta 10 pembeni ya paterni. Karatasi ikitoka, weka rula juu ya mraba huo. Kama ni 9.6, mashine ya kuchapia imepunguza kazi yako ili ienee kwenye karatasi, na jedwali lako lote zuri limeharibikia mlangoni. Mwambie kijana wa duka la kuchapa asipunguze wala kukuza, mia kwa mia. Tena umwangalie anapobonyeza, maana wengi huitikia "sawa mama" huku mkono umeshabonyeza.

Kuna mama ambaye hataingia katika jedwali lolote. Tumbo limetangulia, au bega moja liko chini, au amefanyiwa upasuaji wa titi. Huyo usimlazimishe saizi. Mfungulie faili la mtu mmoja, lenye majina yaleyale ya vipimo, uandike vyake kama vilivyo, kisha uifungue paterni ileile kwa faili lake. Kwetu inatuchukua nusu saa na haina gharama. Kati ya wale 36, watano tuliwafanyia hivyo, na hakuna aliyejua kwamba wao ni watano isipokuwa sisi.

Weka tarehe kwenye kila faili. Miili ya akina mama haikai mahali pamoja: kuna kuzaa, kuna kunyonyesha, kuna kuugua, kuna umri. Sisi tunapima upya kila tunapopata kazi mpya ya sare, hata kama ni kikundi kilekile, na kila baada ya kazi mbili tatu tunarudia hesabu ya ongezeko kwa kuwa daftari limeongezeka watu. Nakala ya mafaili iko kwenye flashi inayokaa kwa mweka hazina, na namba zote ziko pia kwenye daftari la karatasi, kwa sababu umeme wa kwetu mnaujua.

Mama yule wa kanga tulimshonea sketi nyingine bila malipo, kutoka faili la mama, saizi 54, urefu 158, bila kubadilisha kitu. Tulipompelekea alisema "Haya, asanteni," akaiweka kwenye mfuko bila kuijaribu, nasi tukaondoka na wasiwasi wetu. Wiki mbili baadaye alitutumia binti yake na kitambaa kingine, na ujumbe kwamba tushone kama ile, ila mifuko iwe miwili.

Mwezi ujao tutaendelea na mkono wa blauzi, na jinsi ya kuufanya ulingane na tundu lake katika kila saizi. Walioandika kuuliza habari za suruali za watoto wa shule, subirini kidogo, tunawapima.